Maswali na Majibu: Je, NFL na Formula 1 zimeimaliza NASCAR kwenye televisheni?

SWALI: Ndugu mtaalamu, naishi Charlotte, North Carolina, na nina kampuni ndogo ya malori. Kuna dalali ananishawishi nidhamini gari katika mbio za Truck Series za NASCAR, ligi ya mbio za magari ya Marekani. Karatasi yake imeandikwa kwa herufi kubwa: watazamaji milioni 6.7. Wakati huohuo binamu yangu amenitumia video inayosema NASCAR imekufa, kwamba Daytona 500 zilitazamwa na watu milioni 19 mwaka 2006, leo hawafiki 7, na waliobaki wamehamia futiboli ya Kimarekani na Formula 1. Kama imekufa, mbona televisheni zinailipa mabilioni? Nimwamini nani, na takwimu hizi zinasomwaje? – Msomaji, Charlotte.

JIBU: Ndugu yangu, namba zote mbili ulizoonyeshwa ni za kweli, na zote mbili zimetumika kukupotosha. Daytona 500 za Februari 2006, zilizorushwa na NBC, zilikuwa na wastani wa watazamaji milioni 19.4. Zile za Februari 2025 kupitia Fox zilikuwa na milioni 6.76. Dalali wako ameichukua hiyo ya pili, ambayo ni ya mbio kubwa kuliko zote za daraja la juu, Cup Series, akaibandika kwenye karatasi ya kuuzia nafasi katika daraja la tatu, Truck Series. Mbio za Truck huonyeshwa zaidi na FS1, chaneli ya kulipia, na watazamaji wake kwa kawaida huhesabiwa kwa malaki. Mtu aliyeanza mazungumzo kwa kukupa namba isiyo ya bidhaa anayoiuza, usimpe hela. Hilo la dalali limekwisha.

La video ndilo nataka kulikalia, kwa sababu huletwa kwangu kila mara, na wenye kulileta huwa wameshaamini. Makosa yake ni kuweka namba moja ubavuni mwa nyingine bila kuuliza maswali matatu ambayo kila mnunuzi wa matangazo ya biashara huuliza kabla ya kufungua mdomo: ilikuwa chaneli gani, saa ngapi, na nini kingine kilikuwa hewani wakati huo?

Tuanze na chaneli. Fox na NBC hupatikana bure kwa antena katika karibu kila nyumba ya Marekani. FS1 na USA Network hazipatikani mpaka ulipie kebo, satelaiti au kifurushi cha mtandaoni, na nyumba zinazolipia kebo zimepungua kwa makumi ya mamilioni katika miaka kama kumi hivi. Sasa tazama ratiba ya Cup Series ya 2025. Ukijumlisha na mbio mbili zisizo za pointi, zilikuwa mbio 38. Kati ya hizo, tano zilipewa Fox na nne NBC. Zilizobaki ziligawanywa kwa FS1, USA Network, TNT na Amazon Prime Video. Yaani chini ya robo ya msimu mzima ilikuwa mahali ambapo mtu asiyelipia chochote angeweza kuiona. Mwaka 2006 hali ilikuwa kinyume kabisa, sehemu kubwa ya msimu ilikuwa bure. Kwa hiyo mtu anapokuambia mbio za uwanja fulani zimepoteza nusu ya watazamaji, muulize kwanza kama hazikuhamishwa kutoka Fox kwenda FS1. Mara nyingi sana utakuta zilihamishwa, na mwenye video hakutaja.

Saa na mpinzani ndiyo sehemu inayoeleweka vibaya kuliko zote. Mbio za NASCAR huchukua Jumapili mchana, kwa muda wa saa tatu au zaidi. Kuanzia Septemba, NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, huanza mechi zake Jumapili hiyohiyo saa saba mchana kwa saa za Mashariki ya Marekani, na kundi la pili kama saa kumi na nusu hivi. Hakuna mchezo wowote Marekani unaoweza kusimama mbele ya ukuta huo. Msimu wa kawaida wa NFL wa 2024 ulikuwa na wastani wa watazamaji milioni 17.5 kwa mechi. Mbio za kuamua bingwa wa NASCAR huko Phoenix, Novemba 2024, kupitia NBC, zilipata karibu milioni 3. Hizo ni mbio za kumtawaza bingwa, na zilizidiwa na mechi za kawaida za wiki ya kumi.

Halafu linganisha na siku ambazo mpinzani hayupo. Tarehe 18 Februari 1979, CBS ilionyesha Daytona 500 moja kwa moja kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa mara ya kwanza. Dhoruba ya theluji ilikuwa imewafungia watu ndani katika eneo kubwa la mashariki mwa nchi. Katika mzunguko wa mwisho Cale Yarborough na Donnie Allison, waliokuwa wakiongoza, waligongana na kutoka nje ya njia. Richard Petty akapita akashinda, na kwenye nyasi ngumi zikaanza, Bobby Allison, kaka yake Donnie, naye akiwa ndani yake. Mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kufuatilia mbio hizi waliona yote hayo kwa sababu hawakuwa na pa kwenda. Ruka miaka 41. Tarehe 17 Mei 2020, michezo mingi ikiwa imesimama kwa sababu ya korona, NASCAR ilirudi Darlington, South Carolina, bila mashabiki uwanjani. Fox ilipata watazamaji milioni 6.3, kwa mbio ambazo si Daytona 500 na wakati ambapo, kwa mujibu wa video za aina ya hiyo uliyotumiwa, mchezo ulikuwa umeshazikwa. Walikuwa wamefungiwa nyumbani, ni kweli, lakini nyumbani kulikuwa na mambo mengine mengi ya kutazama.

Ndiyo maana nasema NASCAR hushindana na kalenda kuliko inavyoshindana na mchezo mwingine. Angalia ilivyojipanga: mbio zake kubwa kuliko zote ni za kwanza za msimu, Daytona, mara baada ya Super Bowl, fainali ya NFL, kupita na NFL kulala. Michezo mingine hupanda taratibu hadi fainali, huu huanza kileleni halafu hushuka wiki baada ya wiki, na fainali yake huangukia mdomoni mwa NFL. Mwaka 2004 viongozi wake walianzisha mfumo wa Chase, ubingwa kuamuliwa katika mbio kumi za mwisho, wakitumaini kuyatia moto majira hayo ya vuli. Mwaka 2014 wakaongeza mchujo wa hatua kwa hatua. Mashabiki wengi wa zamani waliuchukia, na NFL haikutikisika. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa jaribio la kutibu ratiba kwa kubadilisha kanuni, na halikuwa na namna ya kufanikiwa.

Formula 1 nayo hutajwa kama mwizi. Mwaka 2024 ilikuwa na wastani wa watazamaji wapatao milioni 1.1 kwa mbio hapa Marekani kupitia chaneli za ESPN na ABC. Cup Series mwaka huohuo ilikuwa na karibu milioni 2.9. Tena mbio nyingi za Ulaya huanza asubuhi kwa saa za Charlotte, zinakwisha kabla NASCAR haijawasha injini. Mtu anaweza kutazama zote mbili Jumapili moja, na wapo wengi wanaofanya hivyo. Formula 1 imeipita NASCAR katika jambo moja tu ambalo wauza matangazo hulithamini sana: umri wa watazamaji wake ni mdogo. Mshindani wa magari wa kuangaliwa kwa makini ni Indianapolis 500, mbio zisizo za NASCAR, ambazo mwaka 2025 zilihamia Fox zikapata takriban milioni 7, zikazizidi Daytona 500 za mwaka huo.

Lakini hapo pia usikimbilie hitimisho. Daytona 500 za 2025 zilisimamishwa kwa mvua zaidi ya saa tatu. Tairi za magari haya kwenye viwanja vikubwa vya duara ni laini, hazina mifereji ya kutoa maji, na barabara ya Daytona imeinama kwenye kona huku magari yakienda karibu kilomita 300 kwa saa. Mvua ikinyesha, kila kitu kinasimama. Mwaka 2021 zilisimama kwa muda wa karibu saa sita, zikaisha baada ya saa sita usiku, zikapata milioni 4.8. Mwaka 2024 zilisogezwa hadi Jumatatu. NFL hucheza kwenye mvua na theluji, na ni nadra saa yake kusogezwa.

Kuna jambo lingine la kitaalamu ambalo sijawahi kuliona likielezwa katika video hizo. Namba inayotangazwa na Nielsen, kampuni inayopima watazamaji wa televisheni, ni wastani wa watu waliokuwa wakitazama katika kila dakika ya matangazo. Haihesabu watu wote waliofungua chaneli. Shabiki akitazama saa ya kwanza, akaenda kuchoma nyama uani, akarudi kwa mizunguko 20 ya mwisho, amehesabiwa kama sehemu tu ya mtu. Mbio za Formula 1 kwa kawaida hazifiki saa mbili. Coca-Cola 600, hapohapo karibu na kwako, ni maili 600 na mara nyingi huzidi saa nne. Kipindi kirefu huadhibiwa na hesabu hii. Kuna adhabu nyingine pia: mpira ukisimama NFL huweka matangazo ya biashara, lakini magari hayasimami, kwa hiyo mtazamaji hukosa mashindano yenyewe wakati wa tangazo na wengine hubadili chaneli wasirudi. Kugawanya mbio katika vipande kulikoanza 2017, bendera ya njano ya kupunguza mwendo ikitoka mwisho wa kila kipande, kulisaidia kupata mahali pa kuweka matangazo bila kuwanyima watu mbio.

Sisemi hakuna kilichopotea. Kimepotea kingi. Kati ya madereva nyota, Jeff Gordon alistaafu 2015, Tony Stewart 2016, Dale Earnhardt Jr. 2017, na hakuna aliyerithi mashabiki wao wote. Watazamaji wamezeeka. Anguko la uchumi la 2008 liliwaumiza wafanyakazi na wadhamini waliokuwa uti wa mgongo wa mchezo. Hizo ni sababu za kweli, na inanisikitisha kuona zinafunikwa na hadithi rahisi ya kuibiwa na Formula 1, kwa sababu anayeiamini hatazishughulikia.

Kuhusu mabilioni: mkataba wa 2015 hadi 2024 ulikuwa dola bilioni 8.2 kwa miaka kumi. Wa 2025 hadi 2031 ni bilioni 7.7 kwa miaka saba, yaani kutoka kama milioni 820 kwa mwaka hadi bilioni 1.1. Watazamaji wameshuka na bei imepanda, na hakuna mgongano hapo. Tamthilia na filamu watu huzitazama wanapotaka na kuyaruka matangazo. Michezo ya moja kwa moja ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo bado hukusanya mamilioni kwa wakati mmoja mbele ya tangazo, na NASCAR hutoa hivyo karibu kila wiki kuanzia Februari hadi Novemba. Amazon ilipoonyesha Coca-Cola 600 Mei 2025 ilipata milioni 2.72. Wachambuzi wa mitandaoni wakalia kwamba ni pungufu kuliko Fox. Walionunua matangazo waliona kwamba watazamaji wa Prime Video walikuwa na umri mdogo kwa miaka kadhaa kuliko wale wa chaneli za kawaida, na hilo ndilo walilolilipia.

Sasa niwaonye na wengine wenye biashara ndogo, maana dalali huyu si wa kwanza. Watakuletea jedwali la "thamani ya kuonekana": sekunde ambazo nembo ilionekana kwenye kioo, zikazidishwa kwa bei ya tangazo la sekunde 30. Hesabu hiyo inachukulia kwamba stika kwenye bampa ina nguvu sawa na tangazo linalosema jina lako, simu yako na unachouza. Haina. Kamera hufuata magari yanayoongoza na yanayogongana. Gari la nafasi ya 28 linaweza kumaliza mbio nzima bila kuonyeshwa karibu hata mara moja. Dai orodha ya mbio zote za msimu uliopita, kila moja na chaneli yake, saa yake na wastani wake, pamoja na nafasi ambazo gari hilo lilimaliza. Akikupa jumla ya msimu peke yake, au neno "kufikia", yaani wote waliofungua chaneli hata kidogo, badala ya wastani, achana naye.

Tena jihadharini na ulinganisho wowote unaovuka Septemba 2025. Mwezi huo Nielsen ilianza kutumia rasmi hesabu inayochanganya sampuli yake ya nyumba na data kutoka mamilioni ya ving'amuzi na televisheni za kisasa, na miezi michache kabla ilikuwa imepanua hesabu ya watu wanaotazama baa, hotelini na kwa majirani. Michezo mingi itaonekana imepanda bila hata shabiki mmoja mpya. Walewale waliowauzia habari ya kifo watawauzia habari ya ufufuko, na dalali atakuwa na karatasi mpya mkononi.