Maswali ya Wasomaji: Chumvi Mbichi, Nailoni Tumboni na Juisi ya Rozela

Barua za safari hii zinahusu mambo yanayosemwa sana jikoni, saluni na kwenye makundi ya WhatsApp. Tumezijibu kwa vipimo ambavyo msomaji anaweza kuvitumia leo hii nyumbani kwake.

Baba yangu ana presha ya kupanda. Tumeondoa chumvi mezani kwa sababu chumvi mbichi ndiyo mbaya, ila kwenye mboga tunaweka kama kawaida kwa kuwa ikishaiva haina madhara. Mbona presha yake haishuki? – Binti, Tanga

Pole kwa kuuguza, dada. Chumvi haiivi. Ili igeuke kimiminika kwa moto peke yake inahitaji joto la nyuzi 801 za Selsiasi, na sufuria ya mchuzi unaochemka inaishia kwenye nyuzi 100 hivi. Inachofanya chumvi ni kuyeyuka kwenye maji usiione tena, lakini sodiamu, ambayo ndiyo inayopandisha presha, imebaki yote, na mzee anaila pamoja na mchuzi.

Ushauri wa kliniki wa kutojiongezea chumvi mezani ni sahihi kabisa, maana ile ni nyongeza juu ya iliyokwisha kuwekwa jikoni. Tatizo ni watu kuuelewa kwamba ya jikoni haihesabiwi. Wanaondoa kidogo, wanabakiza kingi.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kisu, tena kwa vyakula vyote vya siku nzima. Kupima kila sufuria kunachosha, kwa hiyo pimeni pakiti. Siku mnayofungua pakiti ya nusu kilo, andikeni tarehe juu yake kwa kalamu. Nyumba ya watu wazima watano wanaokula hapo kila siku isiimalize kabla ya siku 20. Ikiisha kwa siku 10, kila mtu amekula maradufu, hata kama kikopo cha chumvi hakijafika mezani. Na hapo bado hamjahesabu mkate, chipsi na vyakula vya kununua.

Kisha angalieni sodiamu inayoingia kwa mlango wa nyuma. Vile viungo vya vipande vya mraba vinavyovunjwa kwenye mchuzi, kwa kawaida nusu ya uzito wake au zaidi ni chumvi. Mkitia kipande, punguzeni chumvi ya kijiko, au kiacheni kabisa. Magadi ya kulainishia maharage au kisamvu nayo ni sodiamu, ingawa hayana ladha ya chumvi. Lowekeni maharage usiku kucha, mwageni maji, chemsheni kwa maji mapya, nayo yataiva vizuri bila magadi. Ng'onda na papa mkavu walowekwe saa kadhaa, maji yabadilishwe angalau mara mbili, halafu mchuzi wake usitiwe chumvi nyingine. Chumvi ya mawe na ile ya rangi ya waridi inayouzwa ghali ni sodiamu ileile, na nyingi hazina madini joto ambayo chumvi ya kawaida ya dukani huongezewa.

Msipunguze kwa mkupuo, mzee atasusa chakula. Punguzeni robo ya kiasi mnachotia, mkae nacho wiki mbili, mpunguze tena. Ulimi huzoea. Ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, giligilani na pilipili manga vitaziba pengo la ladha.

Jambo la mwisho kwa mzee: kupunguza chumvi hakuondoi dawa. Presha kwa kawaida haina dalili, hivyo kujisikia vizuri si kipimo. Akipimwa, awe ameketi dakika 5 kimya, amekwenda haja ndogo, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga sakafu bila kukunja nne, na mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo. Asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa ndani ya nusu saa iliyopita. Pimeni mara mbili, mpishane dakika moja, muandike namba zote. Kipimo kilichochukuliwa mtu akihema baada ya kupanda ngazi hakifai kuamulia dawa.

Nilijifungua miezi mitano iliyopita. Kila asubuhi nafanya mazoezi ya kulala chali na kuinuka, mara 100, nikiwa nimejizungushia nailoni tumboni ili mafuta yatoke na jasho. Kabla ya kula nakunywa maji ya moto yenye ndimu. Uzito unapungua siku hiyohiyo halafu unarudi, na tumbo limetuna vilevile. – Mama Kichanga, Mbagala

Hongera kwa mtoto, mama. Nailoni ivue leo. Jasho ni maji na chumvi, halina mafuta ndani yake. Lita moja ya jasho ni kilo moja kwenye mzani, na ukinywa lita moja ya maji kilo imerudi. Nailoni inazuia jasho lisikauke, na kukauka kwa jasho ndiko kunakoupoza mwili. Kwenye joto la Dar es Salaam mtu anaweza kuzidiwa hadi kuzirai.

Mazoezi ya tumbo hujenga misuli iliyo chini ya mafuta, lakini hayachomi mafuta ya mahali hapo. Mwili ukihitaji nguvu huyachukua mafuta kutoka sehemu zote na kuyasafirisha kwa damu, na wewe huchagui yaanzie wapi. Maji ya ndimu nayo hayayeyushi mafuta. Yana faida kama yamechukua nafasi ya chai yenye vijiko vitatu vya sukari. Usiyasukutue mdomoni, asidi yake inalika meno.

Ila kwako kuna jambo muhimu kuliko mafuta. Mimba hutanua misuli miwili iliyosimama katikati ya tumbo, na kwa wengine haikutani tena haraka. Jipime hivi: lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage chini. Weka vidole juu kidogo ya kitovu vikielekea miguuni. Inua kichwa na mabega kidogo tu. Ukihisi bonde katikati linalomeza vidole viwili au zaidi, au ukiona tumbo linachomoza katikati kama mgongo wa samaki, misuli bado imeachana, na kuinuka kwa nguvu kunaisukuma nje zaidi. Acha hayo 100. Bonde likionekana bado zaidi ya wiki nane baada ya kujifungua, mwone mtaalamu wa fiziotherapia.

Wakati unasubiri, lala katika mkao uleule, toa pumzi polepole huku ukivuta kitovu ndani na kukaza misuli ya nyonga kama unayezuia mkojo, kisha telezesha kisigino kimoja mbele hadi mguu unyooke, ukirudishe. Mara 10 kila mguu. Tumbo likichomoza, umekwenda mbali mno, fupisha. Ukitaka kuamka kitandani, geukia ubavu kwanza, ujisukume kwa mikono.

Mafuta yenyewe yatapungua kwa sahani na miguu. Soda ya mililita 350 ina sukari kati ya gramu 35 na 40, na kuichoma kunahitaji karibu nusu saa ya kutembea kwa kasi. Ni rahisi zaidi kutoinywa. Kama unanyonyesha, usijinyime chakula. Punguza sukari na vya kukaanga, ongeza mboga na kunde, tembea dakika 30 siku tano za wiki. Na usipime kilo kila siku. Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, mara moja kila wiki mbili.

Nina mimba ya miezi sita, kliniki wamesema damu ni 9.8. Shangazi ananipa juisi ya rozela na bitiruti na kusema vidonge vinanichafua tumbo bure. – Morogoro

Mjamzito akiwa na damu, yaani hemoglobini, chini ya gramu 11 kwa desilita anahesabiwa ana upungufu. Wekundu wa rozela ni rangi ya ua tu, hauna uhusiano na wekundu wa damu. Bitiruti gramu 100 haina hata miligramu moja ya madini chuma, ilhali vidonge vya kinga vya kila siku kwa wajawazito hutoa miligramu 30 hadi 60, na mwenye upungufu huweza kuandikiwa zaidi. Mheshimu shangazi, kunywa juisi yake bila sukari nyingi, lakini vidonge usiache.

Vikikuchafua, meza usiku baada ya chakula kidogo, kwa maji ya machungwa au maji ya kawaida. Usimeze kwa chai, kahawa au maziwa. Acha nafasi ya saa mbili. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Udongo kama unaula, acha, kwa sababu unazuia madini chuma yasiingie mwilini. Dagaa, nyama na maharage pamoja na chungwa au embe vinasaidia kweli. Ini lisiwe chakula cha mara kwa mara katika mimba, lina vitamini A nyingi mno. Na uliza kama umepimwa malaria na minyoo, kwani damu inayopungua kwa sababu hizo haitapanda kwa madini chuma peke yake.

Mgonjwa wa kisukari akila ugali wa wimbi na kutumia asali badala ya sukari, anaweza kula atakavyo? – Kakamega

Hapana. Wimbi na dona vina nyuzinyuzi zaidi ya unga uliokobolewa, hivyo sukari hupanda polepole kidogo, lakini ni wanga vilevile. Kiasi kiwe kama ngumi yako, nusu ya sahani iwe mboga za majani. Uji, hata wa wimbi, hupandisha haraka kuliko ugali. Asali karibu asilimia 80 ni sukari. Mwenye mashine apime kabla ya kula na saa mbili baada ya kula. Kwa wengi, namba ya pili ikizidi 10 kwenye mashine inayosoma mmol/L, tonge lilikuwa kubwa.

Mimi ni mwanamke. Nikinyanyua vyuma nitapata mwili wa kiume? – Mwanza

Hutapata, dada. Homoni inayotunisha misuli ya wanaume wewe unayo kidogo sana. Siku mbili kwa wiki zinatosha kuanzia, na ndoo au dumu linafaa kama huna vyuma. Kumbatia kifuani dumu la lita 5 lenye maji, ambalo ni kilo 5, keti kwenye kiti na usimame mara 10, pumzika dakika mbili, rudia mara tatu. Ukiweza 12 bila kuyumba katika mizunguko yote, hamia dumu la lita 10 likiwa na maji nusu na robo. Maumivu ya misuli siku inayofuata ni ya kawaida. Maumivu makali ya goti au kiuno ni ya kukusimamisha.