Muulize Anko: Zile pauni 1,500 za teksi, zawadi au deni?

SWALI: Anko shikamoo. Mimi naendesha teksi hapa Glasgow mwaka wa tisa huu. Kipindi kile cha korona, mwanzoni mwa 2021, tulipewa madereva pauni 1,500 kila mtu kupitia halmashauri, nikalipia nyumba siku hiyohiyo zikaisha. Sasa juzi mshkaji wangu wa London ananiambia ule ulikuwa mkopo na watakuja kuudai, na mimi kwenye fomu ya kodi sikuandika hata senti. Usingizi sina. Halafu mbona yeye hakupewa?

JIBU: Marahaba mwanangu, lala. Ile haikuwa mkopo, ilikuwa ruzuku, hairudishwi. Huyo mshkaji nadhani anachanganya na Bounce Back, ule mkopo wa benki wa kuanzia pauni 2,000 ulioanza Mei 2020, madereva wengi waliuchukua maana mwaka wa kwanza ulikuwa hauna riba wala marejesho, watu wakaona kama hela ya bure, mwaka wa pili benki ikaanza kukata wakashtuka. Huo ndio deni, muulize vizuri kama yeye hakuchukua.

Ila sasa, kutorudishwa ni kitu kimoja na kukatwa kodi ni kingine, na hapa ndipo wengi mlipoteleza. Ruzuku ile inahesabika ni pato la kazi yako sawasawa na nauli ya abiria. Ilitakiwa iingie kwenye fomu ya mwaka wa kodi 2020/21, sehemu ya mapato mengine ya biashara. Na kama ulichukua na ile SEISS, ruzuku ya korona ya waliojiajiri (ya kwanza ilikuwa asilimia 80 ya faida yako ya wastani kwa miezi mitatu, mwisho pauni 7,500) hiyo ilikuwa na kisanduku chake peke yake, nayo inakatwa kodi vilevile.

Tufanye hesabu. Kama faida yako ya mwaka ule, pamoja na ruzuku zote, haikufika pauni 12,500, kodi ya mapato hudaiwi, labda bima ya taifa kidogo. Kama ulikuwa juu ya hapo, weka kama asilimia 20 ya kodi na 9 ya bima, kwenye 1,500 inatoka kama 435. Inauma lakini haiui. Muda wa kurekebisha fomu ile mwenyewe mtandaoni uliisha Januari 31, 2023, kwa hiyo sasa waandikie HMRC, watu wa kodi wa Uingereza, uwaambie mwenyewe ulisahau, faini ya aliyejitaja ni nafuu kuliko ya aliyefumwa, na halmashauri ndiyo iliyokulipa kwahiyo usidhani hakuna rekodi.

Kuhusu London: mfuko wenu ulikuwa wa serikali ya Scotland, hata 2022 baada ya lile wimbi la korona la Omicron walitoa tena 1,500. England hawakuwa na mfuko wa madereva wa nchi nzima, kila halmashauri iliachiwa fungu iamue yenyewe, kuna zilizowakumbuka watu wa teksi na kuna zilizowapita kama hazijawaona. Mimi hilo sijawahi kuliona haki, korona ilikuwa moja na viti vya nyuma vilikuwa vitupu kotekote.

SWALI: Anko, mimi nilikuwa naendesha teksi nikiwa na kibali cha kuishi kilichoandikwa sina ruhusa ya fedha za umma, na SEISS nilichukua. Nimejiharibia?

JIBU: Hapana dada. Fedha za umma kwenye kibali ni orodha maalumu, mambo kama Universal Credit (msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo) na posho ya watoto. SEISS haikuwemo. Ila hakikisha iko kwenye fomu yako ya kodi, maana siku ukiomba ukaazi wa kudumu hizo karatasi ndizo watakazozifukua.