Stoo ya chakula siyo uchoyo, na yangu nitaendelea kuijaza

Kuna dada yuko Mwanza kanitumia meseji wiki iliyopita, kaandika hivi: "Dada naona unavyopanga machupa yako natamani kweli, ila mimi nimepanga chumba na sebule, hiyo stoo nitaiweka wapi, halafu majirani si watasema najifanya tajiri?" Nilipofika hapo kwenye majirani nikaona hii siyo ya kujibu inbox, ngoja niiandike tuisome wote, maana maneno ya watu nayajua mimi.

Mimi naishi Dar ila kwetu ni Ilula, Iringa, kwenye nyanya. Ukishapita ile barabara ya kwenda Mbeya utakuwa umeona, matenga yamepangwa pembeni ya lami na vijana wanakimbizana na mabasi. Nimekua naona nyanya zikijaa mpaka mkulima anazimwaga kwa kukosa mnunuzi, halafu miezi michache mbele mama huyohuyo aliyemwaga anaenda gengeni kununua nyanya tatu za kuungia mboga. Bibi yangu hakuwa na njia ya kuhifadhi nyanya, lakini majani ya kunde aliyaweza sana, anayachemsha kidogo na chumvi, anaanika kivulini siyo juani, yakikauka kabisa anafunga kwenye chungu anaziba mdomo. Mboga zikiadimika watu wanahangaika, kwake sufuria iko jikoni inachemka.

Kuweka chakula kwenye chupa nilifundishwa mjini na mama mmoja jirani aliyepata mafunzo ya usindikaji SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, mimi namsaidia kumenya yeye ananielekeza. Nikanogewa. Nikaanza kujaza kabati, nyanya, achari ya embe, jemu ya nanasi, chini maharage na mchele, uvunguni madumu ya maji. Basi wifi yangu siku hiyo kaja kunitembelea, kafungua kabati, kaona, hakusema kitu. Kufika kwake kaandika kwenye grupu la familia kwamba kaka yake kaoa mwanamke anayeficha chakula kama kuna vita, na kwamba wageni wanapewa chai kavu wakati ndani kumejaa. Watu wazima wakaweka vikatuni vya kucheka. Sikujibu, mume wangu naye hakujibu, lakini niseme ukweli iliniuma na bado inaniuma, kwa sababu siku ile alikula wali na maharage hapohapo kwangu na akaondoka na chupa ya achari mkononi.

Haya. Mwaka 2022 mafuta ya kula yakapanda hatukuelewana na wenye maduka. Mwishoni mwa mwaka huohuo maji ya mto Ruvu yakashuka, Dar tukaingia mgao wa maji. 2023 ikaja mgao wa umeme, waliojaza friza nyama na samaki wakawa wanagawa kabla hazijaharibika, chupa zangu zilikuwa kabatini hazijui umeme ni nini. Halafu ile Oktoba 2025 baada ya uchaguzi, intaneti imekatika, Dar imewekewa amri ya kutotoka nje usiku, mtaani kwetu duka limefungwa, genge limefungwa, huna pa kwenda. Sisi tulipika. Tulipika sisi na tukapikia nyumba ya pembeni yenye watoto wadogo, ubwabwa, maharage, mchuzi wa nyanya za chupa. Na mtoto wa wifi alitumwa kwangu asubuhi na kapu. Nilimpa unga, nilimpa maharage, nilimpa chupa mbili za nyanya, na sikumtumia mama yake neno lolote. Ila mnisamehe, siku ile nilijisikia fahari na siioni aibu kuisema.

Ndiyo maana nakwambia wewe dada wa Mwanza na wengine wote, acha kusubiri ruhusa ya watu. Anayekucheka leo hatakuletea unga kesho. Wanawake tunapenda sana kununua vya kuonekana, mapazia, sufuria za seti za kumwekea mgeni ambaye haji, halafu ndani huna hata kilo mbili za maharage za kukuvusha wiki. Kama Mungu amekupa mwezi mzuri, weka kitu. Weka wakati kipo na bei iko chini, siyo siku watu wanapanga foleni, siku ile ukinunua kwa wingi ndiyo unamnyima mwenzio kweli.

Kuhusu nafasi, chumba kimoja kinatosha. Uvunguni mwa kitanda panakaa ndoo za plastiki zenye mifuniko ya kubana, mchele moja, maharage nyingine, dagaa waliokauka vizuri. Chupa zinataka giza na ubaridi, usiziweke juu ya friji wala karibu na jiko. Na usianze na gunia, anza kwa kuongeza kidogo kila ukienda sokoni, ukinunua kilo tatu za mchele moja inaenda kwenye ndoo. Andika tarehe kwa maka peni kwenye plasta ya karatasi, kilichotangulia kuingia ndicho kinatangulia kutoka. Hii ya tarehe wengi mnaipuuza, andika tarehe jamani.

Sasa nyanya, maana ndizo mnaniuliza sana. Chagua zilizoiva ngumu, zilizopasuka na zenye madoa pika leo. Zitumbukize kwenye maji yanayochemka kama dakika moja, hamishia maji ya baridi, ganda linabanduka lenyewe. Ziponde, zichemshe dakika 5, jaza kwenye chupa za kioo zilizooshwa na bado za moto, acha nusu inchi juu. Halafu hapa usiruke: chupa ya nusu lita weka kijiko 1 cha chakula cha maji ya limau yale ya dukani ya chupa, ya lita moja weka vijiko 2. Au ndimu ya unga, robo kijiko cha chai kwa nusu lita, nusu kijiko kwa lita. Ndimu za kukamua mwenyewe zinatofautiana ukali, usizitegemee. Usiweke kitunguu, usiweke mafuta, utaunga siku ya kupika. Futa mdomo wa chupa vizuri, funga mfuniko mpya, siyo ule wa mwaka jana ambao mpira wake umeshabonyea.

Chini ya sufuria kubwa tandika kanga kuukuu chupa zisigonge chuma, maji yazifunike kabisa yapite juu ya mifuniko inchi moja au mbili, yachemke ndipo uanze kuhesabu. Dar na Tanga na kwingine pwani, dakika 35 kwa nusu lita, 45 kwa lita moja. Mwanza, Arusha, Iringa, Mbeya ongeza dakika 10, na Njombe ongeza 15, kwa sababu huko juu maji yanachemka kabla hayajapata moto wa pwani. Ziache zipoe mpaka kesho yake, bonyeza mfuniko katikati. Ukidunda chini ya kidole haikuziba, hiyo peleka kwenye friji uile mapema.

Na hapa naomba mnisikilize kama dada yenu mkubwa. Maharage yaliyopikwa, nyama, mahindi mabichi, uyoga, mboga za majani, hivyo USIWEKE kwenye chupa kwa kuchemsha hivi. Havina uchachu, na kuna bakteria anayeitwa Clostridium botulinum ambaye mbegu zake hazifi kwenye maji ya kuchemka, zinataka joto la kama nyuzi 116 mpaka 121 ambalo linapatikana kwenye mtambo wa presha wa kusindikia tu. Sumu yake inapoozesha misuli mpaka ya kupumulia, na unaweza usione povu wala kusikia harufu. Ile pilipili ya mafuta yenye kitunguu saumu kibichi mnayoiacha mezani wiki nzima ni hatari hiyohiyo. Fanya kidogo, iweke kwenye friji, imalize. Vingine kausha kama bibi yangu. Wasukuma wana michembe na matobolwa, viazi vilivyokaushwa vinakaa miezi, na wewe dada uko hukohuko Mwanza, waulize wazee watakufundisha bure.

Mahindi kama unaletewa kutoka kijijini, yakifika usiyafungie kwenye mfuko hapohapo. Chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi kiasi na chumvi kavu, tikisa, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa mahindi bado mabichi, rudisha juani, yaanike juu ya turubai siyo kwenye udongo. Yakikauka tumia mifuko ya PICS, ile yenye plastiki mbili ndani na kiroba nje, unakamua hewa unafunga kila tabaka peke yake, dumuzi anakosa hewa anakufa bila wewe kuweka dawa. Usiufungue kila siku kuchungulia. Na mahindi yenye ukungu usipete ukasaga ukasema moto utaua, sumukuvu haiishi kwa kupika ugali, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Usiwape kuku, usipikie pombe, usimuuzie mwenzio. Fukia.