Kila mwalimu na somo lake

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiswahili kwa wageni hapa Msasani, siku mbili darasani, moja mtandaoni. Walimu tuko watatu, kila mtu anakesha akiandaa masomo peke yake. Tushirikiane vipi bila kumaliza bando?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nami nilikesha hivyo, hadi nikagundua jirani yangu wa ofisini alishaandaa somo lile lile la ngeli ya KI-VI. Iliniuma sana.

Anzeni na sauti, si video. Mazungumzo ya dakika mbili ya kununua nyanya Kariakoo, “Fungu shilingi ngapi?” “Elfu moja, dada,” ukiyatuma kwa WhatsApp hayafiki MB 1. Mmoja arekodi, wa pili atunge maswali, wa tatu ayajaribu darasani kisha aseme wanafunzi walikwama wapi. Hilo la mwisho walimu hulificha, na ndilo lenye faida kubwa. Wanafunzi wangu walisema “kitabu yangu” wiki nzima. Mwenzangu akanipa zoezi lake la kupanga vitu mezani na kuvitaja, wakanyooka.

Masomo yakiwa mengi, tumieni Moodle, programu ya bure ya kuendeshea masomo mtandaoni, iliyotoka 2002: kozi nzima inapakuliwa kama faili moja, mwenzako anaifungua kwake. Na kila somo liwe na jina la aliyelitunga.