Maswali ya Wasomaji: Sukari Inayoshuka Siku ya Kliniki

SWALI: Nina umri wa miaka 54, na huu ni mwaka wa tatu tangu niambiwe kwamba nina kisukari cha aina ya 2. Natumia vidonge. Kila siku ya kliniki inapokaribia huacha wali, mkate na vitu vitamu kwa siku nne, na usiku wa kuamkia kliniki sili chochote. Asubuhi nikichomwa kidole mashine husoma 6.2 au 6.5, na wauguzi hunipongeza. Safari hii daktari aliagiza nitolewe damu ya mshipani, jibu likarudi asilimia 9.1, akaniambia kwamba sukari yangu haijadhibitiwa. Je, kipimo hicho ni cha kuaminika? Tena nyumbani wananiambia kwamba ugonjwa huu nimejitakia mwenyewe kwa ulaji wangu, na siku hizi hata kupima naogopa.
Mama wa watoto wanne

JIBU: Mama, vipimo vyote viwili vimesema kweli, ila kila kimoja kimejibu swali lake. Tone la damu ya kidoleni hueleza sukari iliyomo damuni dakika ile unayochomwa. Damu ya mshipani ilipimwa kile ambacho wagonjwa wengi hukiita kipimo cha miezi mitatu. Sukari inapozunguka mwilini, sehemu yake hunata kwenye himoglobini iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu, na ikishanata hubaki hapo hadi chembe yenyewe ife. Chembe hizo huishi siku 120 hivi. Siku zako nne za kujinyima zimo katika hesabu, lakini zimezungukwa na siku nyingine zaidi ya 100 ambazo hukuzitaja kliniki. Asilimia 9.1 ni sawa na wastani wa sukari unaokaribia 12 kwenye mashine ya kidoleni, mchana na usiku, ilhali watu wazima wengi wenye kisukari huwekewa lengo la kubaki chini ya asilimia 7. Yapo mazingira machache yanayoweza kukipotosha kipimo hiki, kama vile upungufu wa damu, selimundu au kuongezewa damu hivi karibuni. Iwapo una mojawapo, mweleze daktari.

Kuhusu kulala bila kula, naomba uache desturi hiyo leo. Kama miongoni mwa vidonge vyako kuna vile vinavyolisukuma kongosho litoe insulini, mfano glibenklamidi, kuvimeza bila chakula kunaweza kuishusha sukari hadi ukatetemeka, ukatoka jasho jembamba, moyo ukaenda mbio na akili ikavurugika. Ikishuka chini ya 4, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15, na urudie iwapo bado haijapanda. Metformini ikitumiwa peke yake ni nadra kuleta hali hiyo. Kwa sababu hukutaja majina ya dawa zako, chukua pakiti zake uende nazo kliniki na uulize kila moja inafanya kazi gani.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, iko penginepo. Daktari hupanga dozi kwa kutazama namba anazoletewa, nawe kwa miaka miwili na zaidi umekuwa ukimpelekea namba iliyopambwa kwa ajili ya siku hiyo moja. Akiona 6.2 atakuacha na dawa zilezile, na huku nyuma mishipa midogo ya macho, figo na nyayo inaendelea kuogelea katika sukari iliyozidi. Madhara hayo hayana maumivu mwanzoni, ndiyo maana mtu huweza kujiona mzima hadi siku anapokanyaga kitu chenye ncha asihisi chochote.

Sasa nije kwenye neno hilo la nyumbani, kwamba umejitakia. Watu wawili wanaweza kula chungu kimoja miaka 20, mmoja akaugua na mwingine asiugue, kwa kuwa nasaba, umri, mahali mafuta yanapojikusanya mwilini na hata baadhi ya dawa vina mchango wake. Utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza kuanzia mwaka 1977 hadi 1997 ulionesha pia kwamba aina ya 2 huelekea kusonga mbele kadiri miaka inavyopita, hata kwa watu wanaotibiwa, kwa sababu kongosho hupunguza uwezo wake. Kwa hiyo ukiongezewa dawa, au hata ukianzishiwa insulini, hiyo si hukumu ya uvivu wako. Hata hivyo sitaki kukupa shuka la kujifunikia. Chakula kinachoingia kinywani mwako hakuna daktari anayekulisha, na dawa ya asubuhi hakuna muuguzi atakayekuja kukumezesha. Ninachopinga ni lawama, kwa kuwa nimesoma barua yako na kuona lawama ilichokufundisha, nacho ni kuficha.

Anza na sahani moja, ya chakula kizito cha siku. Nusu yake iwe mboga zisizo na wanga, robo iwe maharage, samaki, yai au nyama, na robo iliyobaki ndiyo iwe ya wali, mkate au viazi. Huhitaji kuacha wali kwa siku nne ili uurudie kwa pupa siku ya tano. Unahitaji robo ya sahani, kila siku, pamoja na siku ya kliniki. Anza kula mboga na kitoweo, wanga uufikie mwishoni, kwani mpangilio huo hupunguza kasi ya sukari kupanda baada ya mlo. Ukimaliza, tembea dakika 10 au 15 kabla ya kuketi, maana msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka damuni bila kuitegemea sana insulini. Soda nayo iondoke kabisa, isipokuwa kwa kutibu sukari iliyoshuka: kopo la mililita 330 hubeba takriban gramu 35 za sukari, na hakuna nyuzinyuzi za kuichelewesha.

Pima kwa jozi, kabla ya mlo na saa mbili baada ya kuanza kula, hata kama ni mara mbili tu kwa wiki. Baada ya saa hizo mbili, wengi hulenga isizidi 10. Andika namba zote daftarini pamoja na ulichokula, na usiruke siku ya harusi. Namba 14.3 iliyoandikwa kando ya neno "keki" humsaidia daktari kuliko 6.2 kumi za asubuhi. Kisha wanaokulaumu waombe wale sahani hiyohiyo. Mara nyingi wasemaji wa nyumbani hawajapima sukari yao hata mara moja.

SWALI: Baba yangu ana kisukari na mama yake alikuwa nacho. Nina miaka 31, nina uzito wa kilo 90, na nilipopimwa niliambiwa sukari yangu iko juu kidogo lakini haijawa ugonjwa. Je, nangoja zamu yangu tu?
Mwana wa familia ya kisukari

JIBU: Hapana, ingawa hatari yako ni kubwa kuliko ya jirani asiye na historia hiyo. Marekani walitoa mwaka 2002 matokeo ya utafiti wa watu 3,234 waliokuwa na hali kama yako. Kundi moja lilisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, kwa kiwango cha kutembea kwa haraka. Jingine lilipewa metformini. La tatu lilipewa vidonge visivyo na dawa. Wale wa chakula na mazoezi walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, na wale wa metformini kwa asilimia 31, vikilinganishwa na kundi la tatu. Baada ya miaka mitatu waliougua walikuwa kama 14 katika kila 100 kwenye kundi la mazoezi, na kama 29 kwenye lile lisilopewa dawa.

Tazama vizuri hao 14. Walijitahidi na bado wakaugua, kwa hiyo usichukulie jitihada kuwa ni mkataba. Kwako asilimia 7 ni kilo sita na ushee, na dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Rudi kupima kila mwaka bila kula kwa saa nane au zaidi, ikifika 7.0 na ikathibitishwa siku nyingine, hapo ndipo huitwa kisukari, nawe utakuwa umekikuta mapema.

SWALI: Nimeacha sukari, sasa natia asali kwenye chai. Nimefanya vyema?
Msomaji mwenye kisukari

JIBU: Umebadilisha chombo tu. Takriban gramu 80 katika kila gramu 100 za asali ni sukari, na kijiko kikubwa kimoja kina gramu 17 hivi, wakati kijiko cha chai cha sukari nyeupe kina gramu nne. Punguza nusu kijiko kila wiki. Ulimi utalalamika siku chache za mwanzo, kisha utazoea.