Barua kwa mwanangu: gari la kuvuta hiyo nyumba ya matairi

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma nikacheka, nikairudia nikaona kumbe uko siriasi. Unauliza uchukue pikapu ipi ya kuvuta ile karavani kubwa anayouza bosi wa utalii anayefunga biashara, Hilux 2.8, Ford Ranger 3.2 au lile Land Cruiser 79 la injini ya 1HZ, ili uwe unalaza wageni kwenye hifadhi za Ruaha na Kitulo. Baba yako anasema chukua Cruiser. Baba yako hata ukimuuliza gari ya kupeleka mtoto shule atasema Cruiser, so mi nakujibu kivyangu, kama mtu ambaye nimelipa mafundi miaka yote hii ya kushusha viazi Isyonje, magari nayajua kwa bili zake.

Tuanze na tela kabla ya gari. Umeniandikia tani 2.4. Hiyo ni namba ya likiwa tupu. Sasa tanki la maji umesema lita 200, lita moja ni kilo moja, hapo kilo 200 zimeingia na hata kijiko hujaweka. Weka mitungi ya gesi, betri za sola, friji, magodoro, turubai la pembeni, meza na viti vya wageni, jiko, vyombo, spea tairi, kreti za soda, na nakujua wewe ukiona kona iko wazi lazima uchomeke kitu. Tani 3 hiyo umeshafika na bado unapakia. Mizani ya Wenda iko hapo hapo kwenu Iringa, mwambie huyo bosi alivute likiwa limejaa kila kitu mlipime, na asipotaka ujue kuna kitu.

Kuhusu hizo 3,500 unazoziona kila tangazo, ni kweli hizo pikapu zinaandikiwa kuvuta hadi kilo 3,500, ila kwa tela lenye breki zake, lisilo na breki mwisho ni kilo 750. Alafu kuna namba nyingine wauzaji hawaitaji kabisa, uzito wa gari na tela kwa pamoja. Chukua hiyo Ranger 3.2, kitabu chake kinasema jumla isizidi kilo 6,000. Ukivuta 3,500 gari lenyewe linabakiwa na 2,500, na dabo kebini tupu ina kama 2,200. Umebakiza kilo 300 za dereva, mpishi, wageni wawili, mafuta ya akiba na mabegi yao. Wazungu wawili wenye kamera zao tu umeshazimaliza. Kwaiyo ile 3,500 ipo ila huwezi kuila yote.

Na tela linakaa mgongoni pia, halivutwi tu. Karibu asilimia 10 ya uzito wake inatakiwa ikandamize pale kwenye mpira wa chuma unaoshika tela nyuma ya gari, tela la tani 3 ni kilo 300 zimening'inia nyuma kabisa ya ekseli. Utaona springi za nyuma zimelala, pua imeinuka, usiku taa zinamulika matawi ya miti badala ya barabara na stelingi inakuwa nyepesi mkononi kwa sababu tairi za mbele hazikanyagi vizuri. Usijidanganye kuhamishia mizigo nyuma ya tela ili pikapu ipumue, tela lililolemewa nyuma ndo linaanza kuyumba ukifika 80, likiyumba na wewe ukakanyaga breki ya gari kwa woga linakupindua. Unaachia mafuta taratibu, stelingi imenyooka, na kama tela lina breki za umeme unazibana kwa mkono kwenye kile kidude cha kwenye dashibodi.

Sasa we swali lako lote ni litapandaje, litapandaje. Kupanda hakuuwi mtu, likichoka unaweka gia ndogo unafuatana na malori. Mi gari nalinunua kwa kushuka. Umepita Kitonga unashuka kwenda Mahenge ukasikia ile harufu ya breki za malori, kama mpira unaungua, na pembeni kuna semi imesimama tairi zinafuka moshi. Sasa muulize huyo bosi breki za tela lake ni za aina gani. Kama ni zile zinazojibana zenyewe tela likisukuma gari, kwenye mteremko mrefu linasukuma muda wote, maana yake zinajibana muda wote, zinachemka hadi hazishiki. Za umeme unazitawala mwenyewe. Ila za aina yoyote, shuka na gia uliyopandia, manyuo nzuri zaidi, na kama ni otomatiki usiiache kwenye D ikajiamulia.

Haya magari yako. Ranger ina nguvu kweli, torki (ile nguvu ya kuvuta) 470, lakini spea mi nataka nizipate hadi Mafinga, sio nisubiri basi la Dar. Hilux 2.8 manyuo ina 420, ina tabo, ile ya kusukumia hewa kwenye injini, haichoki sana huku juu. Cruiser la 1HZ lina 285 tu na halina tabo, na injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000, Kitulo uko mita 2,600, robo ya nguvu imeshapotea. Lakini fremu yake, difu na springi ni za kazi, tela halilitingishi ovyo, na fundi yeyote chini ya mwembe analifungua. Ukiling'ang'ania hilo tela, chukua Cruiser, ukubali kutembea pole pole.

Ila mi ningekuwa wewe tela hilo nisingelichukua. Maua ya Kitulo yanachanua kuanzia kama Novemba mpaka Aprili, ndo wageni wanakuja, na ndo mvua. Tope la kule Kikondo unalijua, tani 3 nyuma yako hapo foo wili gani itakutoa? Barabara ya Tungamalenga nayo ina vituta vya kama bati vinavyotingisha hadi kabati zote za ndani zinafunguka. Na ile ya Chimala kwenda Matamba yenye kona 57, na tela refu hivo usijaribu hata kwa kuambiwa. Tafuta tela dogo, likijaa lisizidi tani moja na nusu, lenye breki za umeme, uvute na Hilux 2.8, pesa inayobaki unanunua mahema mazuri. Mgeni wa Ruaha anataka kusikia simba usiku, hajali kama kitanda kina droo.

Usitoe advansi popote kabla hujanitumia picha ya risiti ya mizani na picha ya kibati cha tela chenye uzito wake. Hilux ukipata niambie kwanza, nakuja na fundi wangu, nauli yake unalipa wewe.

Mama yako, Uyole