Skyrim: mkokoteni unapinduka kabla ya kufika Helgen

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua kompyuta yenye skrini ya hezi 144, nikaweka Skyrim Special Edition. Kila nikianza gemu mpya, ule mkokoteni wa wafungwa unatetemeka, unaruka, kisha unapinduka. Ralof, mfungwa mwenzangu, anaendelea kuongea lakini mji wa Helgen hatufiki. Nimeifuta gemu na kuiweka upya mara tatu, hali ni ileile. Nina modi (nyongeza za mashabiki) kama kumi na tano. Je, kadi ya grafiki ni mbovu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kadi yako ni nzima, tena shida ni kwamba ina nguvu kuliko gemu ilivyotarajia. Usiifute tena, unamaliza bando lako bure.

Skyrim ilitoka Novemba 2011, na hata toleo lako la 2016 limebaki na tabia ileile: hesabu za mwendo na mgongano wa vitu, zinazofanywa na injini ya Havok, zimefungwa kwenye fremu (picha) 60 kwa sekunde. Skrini yako inaivuta hadi 144, hesabu zinavurugika. Kijana mmoja aliniletea kompyuta yenye shida hiihii, tukaitazama pamoja mezani: gurudumu la kushoto likaanza kuchezacheza kama bati lililong'oka misumari, mkokoteni ukalala ubavu, farasi akabaki miguu juu. Na mikono ya mhusika imefungwa, kwa hiyo hakuna kitufe kitakachokuokoa.

Anza na skrini. Kwenye Windows fungua Settings, System, Display, kisha Advanced display, uchague hezi 60. Halafu nenda Documents, folda ya My Games, ndani yake Skyrim Special Edition. Fungua faili la SkyrimPrefs.ini kwa Notepad, utafute iVSyncPresentInterval, mpangilio unaofunga fremu kwenye kasi ya skrini. Ikiwa imeandikwa 0, weka 1, uhifadhi. Ukiona kubadilisha skrini kila mara ni usumbufu na kadi yako ni ya NVIDIA, iache kwenye 144 na uiwekee Skyrim peke yake kikomo cha fremu 60 kwenye Max Frame Rate, ndani ya NVIDIA Control Panel. Mimi napenda njia hii, kwa sababu magemu mengine hayaguswi.

Wapo watakaokushauri ubadilishe fMaxTime, mpangilio wa hesabu za Havok, ili ucheze kwa 144. Inawezekana, lakini fremu zikishuka, vurugu zinarudi. Kwa anayeanza, bora 60 zilizotulia.

Sasa hizo modi. Mkokoteni ule si picha iliyorekodiwa. Unaburutwa barabarani kwelikweli, na chochote kilichoko njiani unakigonga. Nate Purkeypile, mmoja wa waliotengeneza gemu hii, alisimulia mwaka 2021 kwamba walipokuwa wakiitengeneza, mkokoteni huo ulikuwa ukirushwa angani na nyuki! Awali mchezaji hakuweza kumwokota nyuki. Walipolirekebisha hilo, nyuki akapata mwili wa kugongana na vitu, lakini akawa hasogezeki. Mkokoteni ukimgonga, unapaa. Kwa hiyo modi yako ikiongeza jiwe, mti au daraja kwenye barabara ya Helgen, hata fremu 60 hazitakusaidia.

Zima zote kumi na tano. Anza gemu mpya ukiwa na Skyrim tupu, fika Helgen, tengeneza mhusika wako, mkimbie Alduin, lile joka linaloshambulia mji, upite ngomeni hadi utokee nje ya pango. Hapo hifadhi kwenye nafasi mpya, na nafasi hiyo usiiandike juu yake kamwe. Kisha rudisha modi moja moja, ukianza na zinazogusa barabara na miti, na kila ukiongeza moja cheza dakika kadhaa. Ukiingia nyumbani kwa mtu ukakuta sahani na vikombe vinaruka vyenyewe kutoka mezani, angalia kwanza fremu: kikomo chako cha 60 kimeondoka.